KADI YA ZAWADI YA DUKA: LINI UITUMIE, LINI USUBIRI

Mwenye kadi ya duka mfukoni hana pesa taslimu. Ana deni analolidai duka. Hilo ndilo jambo la kwanza ambalo mfanyabiashara na mwekezaji mdogo anapaswa kulitambua kabla ya kuamua kama aitumie kadi hiyo wiki hii au aiweke hadi sikukuu.

Kadi ya zawadi ni kadi au hati ambayo duka huiuza kwa pesa, tuseme shilingi 200,000. Atakayeifikisha kaunta baadaye huchukua bidhaa za thamani hiyo. Anayeinunua mara nyingi si yeye atakayeitumia: ni mwajiri anayemtunza mfanyakazi wake, au jamaa aliyeko ng'ambo anayetaka zawadi yake itumike kwa vitu vya nyumbani na isipotelee njiani.

Mwanakwerekwe si soko la kadi. Hapa muuzaji na mnunuzi hujuana kwa sura na mali hubadilishana na pesa mkono kwa mkono. Lakini ndugu wa kadi hiyo yupo tele, naye ni pesa inayoachwa dukani. Anayejenga kidogo kidogo huko Fuoni au Tomondo humwachia mwenye duka la vifaa vya ujenzi pesa za saruji na mabati, akawa anachukua kila fundi anapohitaji. Anayejiandaa na harusi hulipia kitanda na kabati miezi kadhaa kabla. Mwenye genge humtangulizia pesa muuzaji wa jumla ili mzigo ukifika awe wa kwanza kupewa. Wote hawa, pamoja na mwenye kadi ya duka kubwa la Nairobi, wamo katika hesabu moja: wamelipa leo, watapokea kesho. Swali ni kesho hiyo iwe lini.

PESA YAKO IKO KWA NANI?

Wapo wanaoona kuwa kuweka salio kwenye kadi ya duka ni sawa na kuweka salio kwenye simu. Kisheria mambo hayo mawili yako mbali kabisa.

Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015, na kanuni za fedha za kielektroniki zilizotolewa mwaka huo huo, zinaitaka kampuni inayoendesha huduma ya pesa kwa simu kuweka pesa za wateja katika akaunti maalumu ya amana benki, mbali na pesa zake yenyewe. Kampuni ikiyumba, pesa hizo hazihesabiwi kuwa mali yake. Pesa za akaunti ya benki nazo zina Bodi ya Bima ya Amana nyuma yake, ambayo kiwango chake cha fidia kwa kila mteja kiliongezwa kutoka shilingi milioni 1.5 hadi milioni 7.5.

Pesa iliyolipiwa kadi ya duka, au iliyoachwa kwa muuzaji wa saruji, haina ulinzi wa aina hiyo. Ikishaingia kwenye droo ya duka inachanganyika na mauzo mengine, na jioni huenda ikamlipa mwenye nyumba kodi, au mwenye lori, au ikasafiri hadi Dubai kuagiza mzigo mwingine. Mteja anabaki na ahadi tu. Ahadi hiyo haina riba wala rehani. Benki inayolikopesha duka hilo hilo huchukua dhamana na hulipwa faida. Mteja mwenye kadi hukopesha bure, na wengi wao hawajui kama wamekopesha.

MAMBO MATATU YANAYOILA KADI

Kadi ikikaa mfukoni huliwa na mambo matatu.

La kwanza ni bei. Kadi imeandikwa shilingi, haikuandikwa kilo wala mifuko. Bei zikipanda kwa asilimia 5 kwa mwaka, kadi ya shilingi 200,000 itanunua baada ya mwaka mmoja vitu ambavyo leo vingenunuliwa kwa shilingi 190,476, na baada ya miaka miwili kwa shilingi 181,406. Wasomaji wenye umri watakumbuka kuwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 mfumuko wa bei nchini ulizidi asilimia 20 kwa mwaka; kwa kasi kama ile, kadi ya namna hii ingepoteza sehemu ya sita ya nguvu yake ndani ya miezi kumi na miwili. Siku hizi kasi ni ndogo zaidi, lakini Unguja ni kisiwa kinachoagiza vitu vingi kutoka nje, na bidhaa za dukani hufuata dola. Mwaka 2022 dola moja ilikuwa karibu na shilingi 2,300. Mwaka 2024 ilivuka shilingi 2,600. Aliyeiweka kadi ya shilingi kwa muda huo akisubiri kununua friji iliyoagizwa kwa dola, alisubiri kwa hasara.

Tena kuna bei za msimu, ambazo hazingoji mwaka. Mwezi wa Ramadhani unapokaribia, mahitaji ya sukari, unga wa ngano, tende na mafuta ya kupikia hupanda pamoja, na siku za mwisho kabla ya sikukuu ndizo za nguo, viatu na mapazia. Aliyepewa kadi Rajabu akaingoja wiki ya mwisho ya Ramadhani, atanunua wakati kila mtu ananunua.

La pili ni tarehe. Kadi nyingi zina mwisho wa matumizi, na mara nyingi huandikwa kwa herufi ndogo upande wa nyuma. Marekani ilipitisha sheria mwaka 2009, ikaanza kutumika mwaka 2010, inayokataza kadi ya zawadi kumalizika muda kabla ya miaka mitano. Kwingine kipindi huwa kifupi zaidi, na asiyesoma ndiye anayepoteza. Jambo hili si geni kwetu: anayenunua kifurushi cha simu anajua kwamba saa zikiisha, dakika zilizobaki huondoka. Hata noti ya serikali inaweza kuwekewa mwisho. Benki Kuu ya Tanzania iliwapa wananchi muda wa kuanzia tarehe 6 Januari hadi 5 Aprili 2025 kubadilisha noti za zamani zilizotolewa kati ya mwaka 1985 na 2003. Aliyekuwa amezificha chini ya godoro na asisikie tangazo, alibaki na karatasi.

La tatu, na ndilo kubwa, ni duka lenyewe. Bei hupunguza kadi kidogo kidogo. Tarehe huonekana kabla haijafika. Duka linapofungwa, kadi nzima huondoka siku moja.

YALIYOTOKEA NAIROBI NA KWINGINEKO

Mfano wa karibu ni Nakumatt ya Kenya. Duka hili lililoanzia Nakuru na biashara ya magodoro lilikua hadi kuwa na matawi zaidi ya 60 katika Kenya, Uganda, Rwanda na Tanzania. Mwaka 2014 lilichukua maduka ya Shoprite ya Dar es Salaam. Kadi zake zilikuwa za kawaida katika mifuko ya watu wa kipato cha kati wa Nairobi. Lakini upanuzi ule uliendeshwa kwa mikopo na kwa mali za wauzaji waliokuwa hawajalipwa. Kufikia mwaka 2017 rafu zilikuwa zikionekana tupu na wenye majengo wakawa wanalifukuza tawi baada ya tawi. Januari 2018 mahakama iliiweka kampuni chini ya msimamizi, madeni yakiwa yamezidi shilingi bilioni 30 za Kenya. Matawi sita ya mwisho yaliuzwa kwa Naivas kwa shilingi milioni 422 za Kenya, na Januari 2020 wanaodai walipiga kura kampuni ifilisiwe.

Linganisha tarakimu hizo mbili: deni la bilioni 30, mauzo ya mwisho milioni 422. Katika ufilisi kuna foleni. Mbele husimama gharama za ufilisi wenyewe na benki zenye dhamana. Hufuata mishahara ya wafanyakazi na kodi kwa viwango vilivyowekwa na sheria. Nyuma kabisa hukaa wanaodai bila dhamana. Mwenye kadi ya zawadi husimama huko nyuma pamoja na muuza maziwa na muuza mboga ambao hawakulipwa.

Uchumi, duka jingine la Kenya, lilifunga matawi yake yote ya Tanzania na Uganda Oktoba 2015. Hapo kuna somo la ziada kwa msomaji wa Zanzibar: kampuni inaweza kubaki hai kwao na ikaondoka kwenu. Kadi inayotumika Nairobi tu, kwa mtu wa Mwanakwerekwe, ni kadi iliyokwisha isipokuwa ana nauli ya boti na ya basi.

Uingereza, duka la muziki na filamu la HMV liliwekwa chini ya wasimamizi Januari 2013, siku chache tu baada ya msimu wa zawadi za Krismasi. Wasimamizi walitangaza kuwa kadi za zawadi hazitapokelewa. Baada ya lawama nyingi walibadili uamuzi na kuanza tena kuzipokea tarehe 22 Januari. Wenye kadi walipona, lakini walipona kwa hisani, si kwa haki. Marekani, Bed Bath & Beyond iliomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai tarehe 23 Aprili 2023 na ikazipokea kadi hadi tarehe 8 Mei tu. Sheria ya miaka mitano ilikuwa bado ipo, lakini mwenye kadi alibakiwa na siku 15. Sheria inaweza kurefusha maisha ya kadi, haiwezi kurefusha maisha ya duka.

HESABU YA KUSUBIRI

Hata hivyo, si kila anayesubiri anakosea. Sababu moja nzuri ya kusubiri ni punguzo la bei. Je, punguzo kiasi gani linafidia hatari?

Tuchukue kadi ya shilingi 200,000. Duka limetangaza kwamba baada ya miezi mitatu litapunguza bei kwa asilimia 20. Ukisubiri, kadi yako itachukua vitu ambavyo leo vinauzwa shilingi 250,000. Ni faida ya shilingi 50,000. Sasa weka hatari mezani. Kama kuna nafasi moja katika tano kwamba duka litakuwa limefungwa au limeacha kupokea kadi, basi kati ya watu watano waliosubiri, wanne watapata vitu vya shilingi 250,000 kila mmoja na wa tano hatapata kitu. Jumla yao ni shilingi 1,000,000, yaani 200,000 kwa kila kichwa. Ni sawasawa na kama wote wangenunua leo. Faida yote imeliwa na hatari.

Fanya hesabu hiyo kwa punguzo la asilimia 10, utapata kuwa mizani inalingana kwenye nafasi moja katika kumi. Kwa asilimia 5, ni moja katika ishirini. Hivyo kanuni ni rahisi kuikumbuka: asilimia ya punguzo ndiyo kiwango cha juu kabisa cha hatari unachoweza kuibeba. Kama bei zinatarajiwa kupanda kwa asilimia 2 katika kipindi cha kusubiri, toa 2 kwanza, kisha ulinganishe.

Kwa duka imara lenye mali tele, hatari ya miezi mitatu ni ndogo sana, na punguzo la kweli la asilimia 20 linafaa kusubiriwa. Kwa duka unalolitilia shaka, hakuna punguzo la kawaida linalotosha. Na kama hakuna punguzo lililotangazwa, kusubiri hakuna malipo yoyote. Ni kubeba hatari ya mtu mwingine bure.

Angalia pia punguzo la uongo. Bei iliyopandishwa mwezi mmoja kisha ikashushwa mwezi unaofuata haijapungua. Andika bei ya leo ya kitu unachokitaka, uje kulinganisha siku ya tangazo.

DALILI ZA DUKA LINALOUMWA

Mnunuzi wa kawaida haoni vitabu vya hesabu vya duka, lakini rafu anaziona. Katika Nakumatt na Uchumi rafu zilisema mapema kuliko magazeti. Wauzaji wa jumla ndio wa kwanza kujua kwamba duka halilipi, na wakiacha kuleta mali, nafasi hubaki wazi au hujazwa kwa bidhaa ya aina moja iliyopangwa kwa upana ili kuficha uwazi.

Dalili nyingine ni hizi: duka linaanza kutaka malipo ya mbele kwa bidhaa ambazo zamani lilikuwa nazo ghalani, wafanyakazi wanabadilika kila mwezi au wanalalamika kuhusu mishahara, tawi moja linafungwa "kwa ukarabati" na halifunguliwi, kadi au pesa za mbele zinauzwa kwa nyongeza kubwa kupita kiasi. Duka linalokupa kadi ya shilingi 100,000 kwa shilingi 70,000 linahitaji pesa haraka kuliko linavyohitaji faida. Huenda ni ukarimu. Uliza kwanza.

Kwa duka la mtaani, dalili ni hizo hizo kwa sura nyingine. Mzigo "uko njiani" wiki ya tatu mfululizo, simu inapokelewa na kijana asiyejua lolote, na mteja wa jana anahudumiwa kwa pesa ya mteja wa leo. Ukifika hapo, usidai pesa. Dai bidhaa yoyote iliyopo ambayo unaweza kuitumia au kuiuza. Ndoo za rangi zilizopo dukani ni bora kuliko saruji iliyoko baharini.

ANDIKA BIDHAA, USIANDIKE PESA

Wafanyabiashara wa visiwani wana mkataba wa zamani unaolitatua nusu ya tatizo hili. Katika biashara ya salam, inayojulikana vyema katika sheria ya Kiislamu, mnunuzi hulipa bei yote mapema, na bidhaa hutajwa kwa aina, sifa, kipimo na siku ya kukabidhiwa. Kilichofungwa katika mkataba ule ni bidhaa. Bei ikipanda kabla ya siku ya kukabidhi, upandaji huo ni wa muuzaji.

Kadi ya zawadi hufanya kinyume: hufunga pesa na kuiacha bidhaa wazi. Kwa hiyo mjenzi anayemwachia pesa muuzaji wa Mwanakwerekwe anaweza kuchagua yuko upande gani. Stakabadhi inayosema "amepokea shilingi 360,000" humweka katika hali ya mwenye kadi. Tuseme mfuko ulikuwa shilingi 18,000. Hizo ni pesa za mifuko 20. Mfuko ukifika shilingi 20,000 atachukua 18. Stakabadhi inayosema "mifuko 20 ya saruji, aina fulani, kilo 50 kila mmoja, ichukuliwe kabla ya tarehe fulani" inampa mifuko 20 ile ile. Tofauti ni mstari mmoja wa wino na mifuko miwili ya saruji.

Salam haiondoi hatari ya duka kufungwa. Inaondoa ile ya bei, na kwa kutaja siku inaondoa pia uzembe wa pande zote mbili. Kwa pesa nyingi, weka shahidi au dai dhamana, kama wafanyavyo watu wa benki.

KWA MWENYE DUKA

Ukurasa huu unasomwa pia na walio upande wa pili wa kaunta. Kwao kadi na malipo ya mbele ni mtaji usio na riba, na watu wengine hawarudi kabisa kudai. Starbucks, kampuni ya mikahawa ya Marekani, inashikilia zaidi ya dola bilioni 1.5 za salio la wateja, na katika mwaka wake wa hesabu wa 2023 iliingiza kama mapato zaidi ya dola milioni 200 za salio ambalo inaamini halitadaiwa.

Lakini mwenye duka asidanganyike na ukubwa wa kampuni hiyo. Pesa ya mbele si mauzo. Katika vitabu ni deni mpaka bidhaa itoke dukani. Anayeihesabu kama faida na kuipeleka kwenye harusi au gari, siku wateja watakapokuja pamoja, nayo huwa ni wiki ya sikukuu, atakuwa na foleni mlangoni na rafu tupu. Lililo salama ni kuwa na daftari la pekee la pesa za mbele, kujua kila Ijumaa jumla yake ni kiasi gani, na kuhakikisha kwamba pesa taslimu na mali iliyopo vinaitosha. Aliyetulia katika hilo hahitaji kuweka tarehe fupi ya kadi, na wateja wataambizana.

USHAURI WA WIKI

Kwa mwenye kadi au pesa dukani, mambo ni haya:

1. Soma tarehe na masharti siku unayoipokea kadi. Uliza kama inatumika katika tawi lililo karibu nawe, na kama salio linabaki ukitumia nusu.

2. Kama hakuna punguzo lililotangazwa, itumie ndani ya mwezi wa kwanza kwa kitu ambacho ungekinunua kwa pesa yako: mchele, mafuta, sabuni, daftari za skuli. Pesa uliyookoa iweke benki au kwenye simu, ambako ina ulinzi.

3. Kama kuna punguzo, linganisha asilimia yake na hatari unayoiona. Ukiona rafu zinapungua, usisubiri.

4. Kama huna unachohitaji, mpe au muuzie anayehitaji, hata kwa kupunguza kidogo. Kadi ya shilingi 200,000 iliyouzwa kwa 185,000 imepoteza shilingi 15,000 na kukuondolea hatari yote.

5. Pesa ya kuacha dukani iandikwe kwa bidhaa na siku. Chukua mzigo mara unapofika, hata kama fundi hajawa tayari, mradi una pahala pakavu pa kuuweka.

6. Duka likitangaza kufunga, nenda siku hiyo hiyo. Huenda mlango wa kupokea kadi ukafungwa kabla ya mlango wa duka.

Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2018 ya ushindani halali na kumlinda mtumiaji, na mwenye malalamiko dhidi ya duka lililo hai anaweza kuyapeleka mbele kwa kushika stakabadhi yake. Dhidi ya duka lililofilisika, stakabadhi hiyo humpa nafasi kwenye foleni tu, na tumeshaona nafasi hiyo iko wapi.